Gari la marehemu jirani limeingia kati yangu na mke wangu

BARUA

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mzaliwa wa Tanga. Naishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, huu mwaka wa kumi na tatu. Nina mke, tuna mtoto wa miaka mitatu, na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, maili 24 kutoka nyumbani. Hatugombani, ila tumenyamaziana, na kilichotunyamazisha ni gari.

Gari lenyewe ni Dodge Dart ya 1968, milango minne, rangi ya kijani iliyopauka. Lilikuwa la jirani yetu, mzee wa Kimarekani, mjane. Mwaka 2019 baba yangu alifariki Tanga. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijakamilika, ningetoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo baba alizikwa mimi nikisikiliza kwa simu. Jioni ile mzee aligonga mlango wetu. Hakusema pole wala nini, alisema tu njoo. Tukaingia gerejini kwake, akafungua boneti, akanipa spana. Tuliseti tapeti za ile injini, yaani nafasi za vali zake, hadi saa sita usiku. Baba yangu alikuwa fundi, gereji yake ilikuwa barabara ya kumi na mbili, na mara ya mwisho mimi kushika filageji, kile kipimo chembamba cha kusetia tapeti, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tangu usiku ule, kila Jumapili nilikuwa kwa mzee.

Alifariki mwaka jana. Binti yake aliniuzia gari kwa dola 1,800 tu, akasema baba yake aliacha neno: apewe yule kijana, na asiruhusu mtu kuliharibu. Nililia, Mama. Ndani ya kisanduku cha dashibodi nilikuta daftari lake, ameandika kwa penseli kila alichokifanya kwenye gari tangu alinunue 1974.

Mwezi wa tatu gari langu la kwendea kazini likafa giaboksi. Mke wangu ana lake dogo, analokwenda nalo kazini na kumpeleka mtoto. Mimi nikaanza kwenda kazini na Dart. Injini haina neno, ni ile ya silinda sita iliyolala upande, inchi za ujazo 225, ukigusa ufunguo imeshawaka. Lakini breki zote nne ni za dramu. Ingawa ni toleo la 1968, liliundwa mwishoni mwa 1967, kabla mikanda ya begani haijawa lazima, kwa hiyo mikanda ni ya kiunoni tu. Sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, nimetandika bati. Usiku mmoja wa mvua, kwenye barabara ya mzunguko ya I-270, nilipita kwenye dimbwi, nikakanyaga breki, gari likavuta kushoto hadi njia ya pili. Hapakuwa na mtu. Mara mbili pia nimesikia harufu ya waya kuungua nyuma ya dashibodi. Mke wangu hajui lolote kati ya hayo.

Nikapanga kulibadilisha liwe gari la kila siku kweli: breki za diski mbele, zile za Dart za 1973 hadi 1976, waya mpya, alteneta kubwa, mikanda ya begani, sakafu ichomelewe, na Mungu akijalia giaboksi yenye gia ya nne ya mwendo mrefu. Nimepiga hesabu, inakuja dola 9,000. Tuna akiba ya dola 11,000, ya kutanguliza kwenye nyumba na kutuvusha mke wangu akijifungua. Nilitoa 1,400 nikaagiza vifaa vya diski. Mke wangu aliikuta risiti mfukoni akifua. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimelijua hili kwa karatasi, si kwa mdomo wako." Siku tatu baadaye akaniambia kuna mtu ametoa dola 6,500, niliuze, tununue gari la Kijapani lililotumika, mtoto azaliwe tukiwa na amani.

Kuna wazee wa Kimarekani wenye magari kama haya, tunakutana Jumamosi. Wao wanasema nikiweka diski na waya mpya nimeliua, gari la namna hii linarudishwa kama lilivyotoka kiwandani au linaachwa. Nikilala nasikia sauti ya mzee: asiruhusu mtu kuliharibu. Je, nikilibadilisha nimevunja ahadi? Nikiliuza je? Na nikiliacha kama lilivyo, nitafikaje kazini?

Mwana wa Fundi, Columbus

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba, ijapokuwa miaka imepita. Na pole kwa mzee. Kufiwa mbali na nyumbani, halafu kufiwa tena na yule aliyekushika mkono, si jambo dogo, na wala sishangai kwamba uzito wote huo umekaa juu ya magurudumu manne.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unaniuliza kuhusu gari: lirudishwe lilivyokuwa, libadilishwe, au liuzwe. Ukiangalia sentensi zako lakini, mambo ni matatu yaliyofungwa kamba moja. Kuna ahadi kwa marehemu. Kuna safari ya maili 24 kila usiku. Na kuna mkeo aliyeikuta risiti mfukoni. Umelipatia gari moja kazi ya kuyabeba yote.

Naanza na pale ulipopita mbio. Usiku wa spana umeueleza taratibu, hadi saa umetaja. Usiku wa dimbwi umeupa mistari michache, harufu ya waya mstari mmoja. Mimi hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Kabla ya kukujibu nilimtafuta fundi anayeyajua magari ya miaka ile ya Chrysler, kampuni iliyounda Dodge yako, nikamsomea maneno yako bila kukutaja. Alipofika kwenye harufu aliniambia nisimame. Kwenye magari hayo, alinieleza, umeme unaolisha karibu vitu vyote hupita kwenye plagi kubwa iliyo kwenye ukuta kati ya injini na miguu yenu, unaingia hadi kwenye saa ya ampea, ile ya kupimia umeme, mbele ya dereva, ndipo unarudi. Baada ya miaka zaidi ya 50 viungio hivyo vinalegea na kupata kutu, vinapata moto, plastiki inayeyuka. Ukiwasha taa, hita na vifuta kioo kwa pamoja, ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Sasa fikiria alteneta kubwa unayotaka kuifunga, ikisukuma umeme mwingi zaidi kwenye njia ileile iliyochoka. Waya kwanza, alteneta baadaye, kama itahitajika.

Kuhusu dimbwi, maji yakiingia kati ya viatu vya breki na dramu, breki hushika upande mmoja kabla ya mwingine. Inawezekana pia kuna silinda ya gurudumu inayovuja, au viatu havijasetiwa sawa, na hilo halihitaji dola 1,400 kulijua. Dramu zilizosetiwa vizuri zilisimamisha magari hayo kwa miaka mingi, lakini hazipendi maji wala mteremko mrefu. Afadhali gari lako ni la 1968, kwa maana lilitoka na breki za njia mbili, mbele na nyuma kila moja na yake, hivyo bomba moja likipasuka hubaki na nusu. Ila hiyo ni nusu, mwanangu, kwenye barabara ambayo malori yanakupita pande zote mbili.

Jimbo la Ohio halina ukaguzi wa usalama wa magari wa kila mwaka. Hakuna atakayekusimamisha kukwambia gari hili lisitembee. Jukumu hilo limebaki kwako, na ningekuomba, kabla hujaamua lolote kubwa, gari lipumzike mpaka waya na breki zimeangaliwa na mtu asiye na mapenzi nalo. Si kwamba nimechagua upande. Nataka tu utakapokuwa unaamua uwe hai.

Sasa ahadi.

Mzee alisema asiruhusu mtu kuliharibu. Wewe umelisikia neno hilo kama "asiguse kitu", na wazee wa Jumamosi wamekusaidia kulisikia hivyo. Sina ugomvi nao. Magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani yanazidi kuwa machache, na anayeyatunza anafanya kazi ya heshima. Lakini wengi wao, nadhani, hawaendi zamu ya usiku na magari hayo. Na je, mzee mwenyewe aliishi nalo vipi? Una daftari lake tangu 1974. Umelisoma kama kumbukumbu. Lisome tena kama fundi. Je, gari bado lina pointi, zile za kizamani za kutoa cheche za kuwasha injini, au yeye mwenyewe aliziondoa akaweka mfumo wa elektroniki, ule ambao Chrysler walianza kuuweka kwenye magari yao yote mwaka 1973? Tairi zake ni za radiali, zile za muundo wa siku hizi? Basi hazikutoka nalo kiwandani. Sijui utakuta nini humo. Pengine utakuta mtu aliyekataa kubadilisha hata balbu, na hilo litakufundisha kitu. Pengine utakuta mtu aliyebadilisha kila kilichomchosha na akaliita gari lilelile. Swali la "kuharibu ni nini" nisingependa ulijibu kwa kubuni wakati mwenyewe ameacha maandishi.

Halafu nikuulize jingine kwa upole, na usikasirike. Ahadi hii ni ya mzee peke yake? Baba yako alikuwa fundi, hukumzika, na usiku uleule ulipewa spana. Mzee hakukufundisha kuseti tapeti. Aliirudisha mikono yako kwa baba yako. Ikiwa ndivyo, basi wazo la kuliuza linauma kwa sababu ambayo hata mkeo hawezi kuiona, maana hukumwambia. Umewahi kumsimulia kilichotokea gerejini usiku ule? Si habari ya kwamba ulichelewa kurudi. Kilichotokea.

Nayageukia mapito uliyonayo, na kila moja lina mawe yake.

Kulirudisha lilivyokuwa kiwandani na kulitembeza siku za kiangazi tu. Hapo kutu itapumzika, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani Ohio wakati wa theluji ndiyo iliyoila sakafu yako na itaimaliza. Ila hapo Dart halitakupeleka kazini, utahitaji gari jingine vilevile. Na uangalie vibao vyako vya namba. Ohio wanatoa vibao vya magari ya kihistoria kwa gari lililozidi miaka 25, lakini ni kwa maonyesho, gwaride na safari za matengenezo, si kwa kwenda zamu. Bima za magari ya kale nazo ni nafuu kwa sababu mara nyingi wanataka uwe na gari jingine la kila siku, na hili lilale gerejini. Kama ulichukua bima ya aina hiyo kwa ushauri wa wazee wa Jumamosi na unaendesha kila usiku, soma mkataba leo. Ajali ikitokea, karatasi hiyo inaweza isikufae kitu.

Kulibadilisha, kama moyo wako unavyotaka. Wazo la diski za 1973 hadi 1976 si baya, fundi wangu amelisifu, ni vyombo vya ukoo uleule wa gari. Lakini alicheka kidogo kwenye hesabu yako, kicheko cha mtu aliyepita njia hiyo. Nati za magurudumu kwenye Dart lako zimepangwa kwenye duara la inchi 4, za hizo diski ni inchi 4.5. Kwa hiyo magurudumu ya mbele hayataingia nyuma, spea yako itafaa upande mmoja tu, mpaka ubadilishe na ekseli ya nyuma. Mikono ya juu ya sasipensheni inabadilika pia. Kitu kimoja kinaita kingine. Na mpangilio wako umeiweka sakafu karibu na mwisho, wakati yote yanashikwa na sakafu. Mkanda mzuri wa begani uliofungwa kwenye bati lililooza utang'oka nalo. Sasipensheni ya mbele ya gari lako ni ya vyuma vya kujipinda ambavyo miisho yake ya nyuma imeshikiliwa na chuma kinachopita chini ya sakafu. Kutu ikifika pale, diski hazitakusaidia. Ondoa lile bati ulilotandika. Chukua bisibisi, chokonoa, uone ukweli wa chini. Huenda ni dogo, jioni mbili za kuchomelea. Huenda ndilo litakalokuamulia. Giaboksi ya gia nne ingoje. Hakuna aliyekufa kwa injini kupiga kelele kwenye maili 65 kwa saa.

Na hata likikamilika, litabaki gari la 1968. Halina mito ya hewa, halikuundwa likunjike mbele ili kuwalinda walio ndani. Viti vya watoto vya siku hizi hufungwa kwenye vyuma maalumu ambavyo Marekani ilivifanya lazima kuanzia Septemba 2002. Kiti cha mtoto mchanga kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni kikipata wa kukifunga vizuri, lakini mtoto wako mkubwa akifikia kiti kile cha kumnyanyua tu, atahitaji mkanda wa begani. Ni nani atapanda gari hili? Wewe peke yako usiku, au familia? Barua yako haisemi, na jibu hilo linabadilisha hesabu nzima.

Kuliuza. Dola 6,500 kwa gari ulilolipia 1,800, na amani nyumbani. Sitasema ni usaliti. Mzee alitaka lisiharibiwe, hakusema lisitoke mkononi mwako, na mnunuzi mwenye gereji kavu pengine atalitunza kuliko wewe unayelipitisha kwenye chumvi. Ila jiulize fedha hizo zitakununulia nini. Gari la Kijapani lililotumika nalo linaweza kufa giaboksi. Lako si lilikufa mwezi wa tatu? Na ukiuza kwa sababu umesukumwa tu, naogopa utamnyamazia mkeo kwa miaka, ukiona kila gari la kijani barabarani.

Liko pia la kulilaza: ununue kigari cha bei nafuu cha kwenda kazini, Dart likae kwenye turubai mpaka mtoto atambae. Linavutia kwa sababu halimkatai mtu. Lakini gari linalolala linaoza kimyakimya, petroli ya siku hizi yenye ethanoli inachacha ndani ya kabureta, panya wanaingia kwenye waya, na "mwakani" inageuka miaka kumi. Ukilichagua, liwe na tarehe na mkeo aijue.

Nimebakiza mkeo, na kwa makusudi. Rudia alichosema. Hakusema gari ni baya. Alisema amelijua kwa karatasi. Kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano, akiba ile ni kitanda cha hospitali, ni wiki ambazo hataweza kwenda kazini. Ukatoa 1,400 bila neno. Ninavyomsikia mimi, alipokuja na habari ya mnunuzi siku ya tatu, alikuwa anatafuta pa kuingilia kwenye jambo ambalo ulimfungia nje. Naweza kuwa nimekosea, yeye hajaniandikia. Lakini mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Peugeot 404, na kwa miaka minne nilidhani nalichukia lile gari. Siku aliponiita nishike tochi ndipo nilijua sikuwa nalichukia. Nilikuwa nachukia kusimama mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kumpelekea uamuzi, mpelekee daftari. Kaeni mezani mlisome pamoja, hata kama hajui kiatu cha breki ni kipi. Vile vifaa vya diski, kama hujavifungua, uliza duka kama wanapokea kurudishiwa, ili fedha hizo zirudi mezani nanyi mwamue mkiwa mmesimama sawa. Mwambie hesabu halisi, pamoja na ile ya sakafu utakayoipata kwa bisibisi.

Na mambo mawili uliyomficha, dimbwi na harufu, nadhani unayaogopa kwa sababu unajua yakitoka mdomoni mjadala umekwisha, atasema uza. Labda. Lakini sasa hivi anaamua kuhusu gari asilolijua, akiwa na mume anayeondoka saa tatu usiku ndani yake.

Kuna kitu fundi aliniambia wakati naondoka. Dart la mwaka wako, nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume, unazungusha kuelekea kulia. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, mpaka boliti inakatika. Mkeo analijua hilo? Jumapili hii, saa ile uliyokuwa ukienda kwa mzee, mtolee kiti nje akae, chukua spana, umwonyeshe. Ukiwa bado umechuchumaa pale kwenye gurudumu la mbele, mwambie habari ya dimbwi. Halafu niandikie amesema nini.